Kurekodi: namna ya kupima na kusawazisha sauti inayochelewa ikipita ku mashine ya nje

Siku moja tulirekodi kwaya ya vijana hapa redioni. Ngoma na gitaa vilikuwa vimeisharekodiwa, kisha dada mmoja akaimba sehemu yake. Tukatoa sauti yake ku kompyuta, tukaipitisha ndani ya kompresere ya nje, na tukairudisha ku kompyuta. Tuliposikiliza, sauti ilikuwa nyuma kidogo ya ngoma, tena ilitoka kama mtu mwenye kuimba ndani ya pipa. Kiongozi wa kwaya akamwambia: «Dada, unachelewa.» Akarudilia mara sita, mpaka koo likakauka.

Kumbe dada hakuchelewa. Zilizochelewa ni mashine zetu, na hakuna mtu aliyekuwa amezipima. Kwa wale wenye kurekodi kwaya, matangazo ao michezo ya redio katika studio ndogo za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, tunaeleza hapa namna ya kujua kama kosa ni la mtu ao la mashine.

Latensi ni nini, na inatoka wapi?

Latensi ni wakati unaopita kati ya sauti kutoka na sauti kufika. Inahesabiwa kwa milisekonde: sekonde moja iko na milisekonde 1.000. Hata hewani sauti inachukua wakati. Inatembea karibu mita 343 kwa sekonde, kwa hiyo mtu mwenye kusimama mita 8 kutoka kwa mwimbaji anamsikia milisekonde 23 hivi nyuma.

Sauti inapotoka ku kompyuta kwenda ku mashine ya nje na kurudi, inachelewa mahali patatu:

- Bafa. Kompyuta haishughulikii sauti punje kwa punje. Inakusanya sampuli nyingi kwanza, kisha inazituma pamoja. Kwa sampuli 48.000 kwa sekonde, bafa ya sampuli 512 inachukua milisekonde 10,7. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 21.
- Kadi ya sauti. Inageuza namba kuwa umeme, na umeme kuwa namba tena. Mara nyingi hapo kunapotea milisekonde chache.
- Mashine yenyewe. Kompresere ao ekolizeri ya zamani, isiyofanya kazi kwa namba, haicheleweshi karibu kitu. Lakini mashine ya kidijitali inageuza sauti mara mbili tena ndani yake, na inaongeza kuchelewa kwake.

Juu ya nini sauti inaharibika?

Ukiacha sauti ya kwanza ipige pamoja na ile iliyorudi, hizo mbili zinapigana. Tofauti ya milisekonde 1 tu inatosha kukata sauti kwenye hertz 500, 1.500, 2.500 na kuendelea, na hapo ndipo maneno ya mtu yanaeleweka. Kwa hiyo kuongeza sauti hakutasaidia. Inafaa kuondoa ile tofauti.

Namna ya kupima

Hauhitaji chombo cha bei. Kable mbili na programu ya kurekodi vinatosha.

1. Zima bafle na ushushe sauti. Zima pia kujisikiliza kwa pisti itakayorekodi, la sivyo sauti itazunguka na kupiga filimbi kali.
2. Toa kable ku tundu la kutokea la kadi ya sauti, ingiza ku mashine. Toa ya pili ku mashine, rudisha ku tundu la kuingilia la kadi. Kama kadi iko na tundu la mikro tu, hakikisha umeme wa volti 48 umezimwa.
3. Washa mashine kama vile utaitumia. Kama ni ya mwangwi, punguza ule muda wa kungojea mpaka sifuri.
4. Ku pisti ya kwanza, weka mlio mmoja mfupi, «tak!», na uache kimya cha sekonde moja mbele yake.
5. Piga pisti ya kwanza na urekodi ya pili kwa wakati mmoja.
6. Kuza picha ya sauti mpaka uone mahali kila mlio unaanzia. Hesabu sampuli zilizo katikati.

Sasa hesabu ni hii: gawanya zile sampuli kwa kipimo chako cha kurekodi, kisha zidisha kwa 1.000. Tuseme umeona sampuli 1.152, na unarekodi kwa 48.000. Utapata milisekonde 24.

Rudilia mara tatu. Kama namba ni ile ile, unaweza kuitegemea. Kama inaruka kila mara, usisawazishe kitu bado: angalia kwanza kable, programu ya kadi ya sauti, na kama kompyuta haijalemewa. Kisha pima tena bila mashine, kable ikitoka ku kadi na kurudi ku kadi moja kwa moja. Tofauti ya namba mbili hizo ni sehemu ya mashine yenyewe.

Angalisho: programu nyingine zinasawazisha kurekodi zenyewe, kwa kufuata namba ambayo kadi inazitangazia. Hapo utakayoona ni mabaki tu. Sahihisha yale mabaki, usiongeze mara mbili.

Namna ya kusawazisha

*Kwa mkono.* Chukua pisti iliyorudi, ivute kuelekea mwanzo wa wimbo kwa sampuli 1.152. Njia hii inawezekana ku programu yoyote.

*Kwa Audacity*, ambayo ni ya bure, kuko ndani ya mipangilio nafasi ya kuandika namba ya kusawazisha. Ile utakayokuta, -130, ni makadirio tu. Iweke kwanza ku 0, pima, kisha andika namba yako pamoja na alama ya kutoa: -24. Pima tena kuhakikisha.

*Kwa programu kubwa.* REAPER, Cubase na Logic Pro zinaweza kutuma mlio na kupima zenyewe. Ku Ableton Live, unaandika namba wewe mwenyewe. Ukimaliza kazi, toa wimbo kwa mwendo wake wa kawaida, si kwa haraka, maana mashine ya nje haiwezi kukimbia kuliko wakati.

Kwa mwangwi, milisekonde chache hazileti shida kubwa, maana mwangwi ni sauti inayofika nyuma. Lakini kwa kompresere na ekolizeri, sawazisha mpaka sampuli ya mwisho.

Jambo ambalo kusawazisha hakuwezi

Programu inaweza kurudisha nyuma kitu ambacho kimeisharekodiwa. Haiwezi kumletea mwimbaji sauti yake ndani ya kaske mbele hajaimba. Kama anajisikia kwa kuchelewa wakati wa kuimba, punguza bafa, ao mpatie sauti moja kwa moja kutoka meza ya kuchanganyia, bila kupitia kompyuta.

Pima tena wakati gani?

Kila mara umebadilisha bafa, kipimo cha kurekodi, kadi ya sauti ao programu yake. Hapa kwetu tunaongeza moja: umeme ukikatika katikati ya kazi, tukiwasha tena tunatuma mlio mmoja mbele ya kuendelea. Namba zetu ziko ku daftari pembeni ya meza: tarehe, bafa, mashine, sampuli.

Na yule dada? Tulipopima, tulikuta milisekonde 24. Tukavuta sauti yake mahali pake, tukazima ile ya kwanza iliyokuwa inapiga chini yake, na tukasikiliza zote sita. Zote zilikuwa ndani ya ngoma. Ile tuliyochagua kupitisha hewani ni ya kwanza, maana koo lake lilikuwa bado zima. Kiongozi wa kwaya alimwomba radhi, na sisi pia.