Jinsi kikosi cha kriketi kinavyoteuliwa: hesabu ya wachezaji 15

KUTEUA kikosi cha taifa cha kriketi kwa mashindano ya siku moja ni kazi ya hesabu kabla ya kuwa kazi ya majina. Shabiki wa soka amezoea kumwona kocha akitangaza orodha na kubeba lawama peke yake. Katika kriketi, nchi nyingi huiachia kazi hiyo kamati ya wateuzi, ambayo huwasikiliza kocha na nahodha kisha ikatoa uamuzi wake.

Hesabu yenyewe inatokana na sheria. Katika mchezo wa siku moja kila timu huchezewa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Mrushaji mmoja haruhusiwi kurusha zaidi ya ova 10. Kwa hivyo timu haiwezi kumaliza ova zake bila warushaji watano au zaidi. Ukiongeza mlinda wiketi, ambaye ni fundi wa aina yake, nafasi zinazobaki kwa wapigaji halisi kati ya wachezaji 11 ni tano tu. Hapo ndipo thamani ya mchezaji wa kazi mbili, anayerusha na kupiga vilevile, inapoonekana. Kila anapopatikana mmoja wa namna hiyo, wateuzi hupumua.

Katika Kombe la Dunia kikosi huwa cha wachezaji 15. Wanne wa ziada si wa kujaza basi. Lazima awepo wa kumrithi mlinda wiketi akiumia, mpigaji mmoja wa akiba na warushaji wa kubadilishwa kulingana na uwanja. Mchezaji akijeruhiwa baada ya orodha kuwasilishwa, wa kuchukua nafasi yake haingii mpaka kamati ya kiufundi ya mashindano iidhinishe.

Kikosi cha Kenya cha mwaka 2003 kinaeleza mambo haya vizuri kuliko kingine chochote katika eneo hili. Kombe la mwaka huo liliandaliwa na Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Ratiba ya Kenya ilianzia Potchefstroom, ikapitia Cape Town, Nairobi na Johannesburg hadi Kimberley. Viwanja vya Afrika Kusini kwa kawaida huwapendelea warushaji wa kasi, ilhali vya Nairobi ni vya polepole na huwasaidia warushaji wa mipira ya kuzunguka. Orodha moja ilipaswa kutosha kote huko.

Wateuzi walikuwa na kisima kifupi cha kuchota. Kriketi ya Kenya ilikuwa imejikita katika klabu chache, nyingi zikiwa za Nairobi, na ushahidi ulikuwa ndani ya orodha yenyewe: Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu, na Martin Suji na Tony Suji ni ndugu pia. Wachezaji watano kati ya 15 walitoka katika familia mbili. Nahodha alikuwa Steve Tikolo, na kocha Sandeep Patil kutoka India. Thomas Odoyo na Maurice Odumbe ndio waliokuwa wachezaji wa kazi mbili waliotegemewa zaidi.

Uamuzi mzito ulihusu warushaji wa mipira ya kuzunguka. Wateuzi walimchukua Collins Obuya, kijana wa miaka 21, na pamoja naye wakamrejesha Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa na miaka 39. Karim alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la mwaka 1999 kisha akastaafu. Kumrudisha mstaafu uwanjani ni jambo linaloweza kuwafedhehesha wateuzi iwapo halitafaulu, na hakuna aliyeweza kuwadhaminia kwamba lingefaulu.

Lilifaulu. Februari 24, 2003, jijini Nairobi, Obuya aliwaondoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24 na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Machi 15, mjini Durban, Karim aliwakabili Australia, mabingwa wa dunia. Alirusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba pekee na kuchukua wiketi tatu, ikiwemo ya nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora ilimwendea mzee huyo.

Kenya ilifika nusu fainali, ikalazwa na India kwa mikimbio 91. Ni kweli kwamba ilisaidiwa na pointi ilizopewa baada ya New Zealand kukataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama. Hata hivyo Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe, zote zikiwa nchi za daraja la Test, zilishindwa uwanjani.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kuwashughulisha wateuzi zaidi. Mwaka 2011, Tikolo na Odoyo walijumuishwa katika kikosi cha Kombe la Dunia kwa mara ya tano, kwani walikuwapo tangu 1996. Tikolo alikuwa na miaka 39, umri uleule wa Karim mwaka 2003. Collins Obuya naye alikuwa sasa anategemewa kwa kupiga, na alipata mikimbio 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Mrushaji kijana wa kuziba pengo alilokuwa ameacha hakuwa amepatikana. Kenya ilipoteza mechi zote sita, ya kwanza ikiwa ile ya Chennai ambapo New Zealand iliitoa kwa mikimbio 69. Mwaka 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.