Malindi, Bandari ya Bahari na ya Anga

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kuzuru Malindi, fika penye nguzo ya Vasco da Gama, iliyosimama juu ya mwamba ukingoni mwa bahari. Kisha uelekeze uso wako kaskazini, upande wa Ngomeni. Katika mwambao huo mfupi zilianza safari mbili ambazo historia haitazisahau.

Safari ya kwanza ilikuwa ya baharini. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Wareno zilitia nanga Malindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, aliwapokea kwa wema, akawapa rubani aijuaye njia ya Bara Hindi. Mwezi uliofuata wakafika Calicut. Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Je, mwenyeji alipona? Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Mfalme wa Malindi naye akahamia huko, na mji wake ukafifia.

Safari ya pili ilikuwa ya angani. Katika miaka ya 1960 Marekani na Muungano wa Sovieti zilishindania anga mithili ya wacheza bao, kila mmoja akiipima kete ya mwenziwe. Italia nayo ilitaka kuingia mchezoni. Profesa Luigi Broglio wa Roma akachagua Ngomeni, kwa kuwa ni karibu na ikweta. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake ni yapata kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irukayo upande huo huazima mwendo huo, ikahitaji fueli kidogo. Tena mbele yake hapana miji, ila bahari tupu.

Basi majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kwa roketi ya Kimarekani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa hapo, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, nayo ilituwezesha kuorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Naam, jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Walakini hesabu zilifanywa na wengine. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka Ngomeni mwaka 1988. Na Taifa-1, setilaiti ambayo wahandisi wa Kenya walishiriki kuisanifu, iliporushwa Aprili 2023, iliondokea California!

Usidhani kwamba nawalaumu wageni. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1967 wakataza dola yoyote kujitwalia mwezi au nyota. Kwa hiyo ushindi wa anga si kumiliki, ni kujua. Aazimaye watu bao lake, kisha akakaa kando akitazama, hana haki ya kudai mavuno ya kete. Ikweta haitahama Ngomeni. Jifunze hesabu na sayansi, msomaji wangu, ili mgeni ajapo mara ya tatu akukute umeketi mbele ya bao, nawe wajua kucheza.