Huria, Huru na Bure: Kuhusu Historia ya Leseni za Maktaba za Programu



Mwanaisimu anaposimama kuzungumzia leseni za programu za kompyuta, wasikilizaji wana haki ya kushuku kwamba amepotea njia. Naomba mnivumilie. Nitaanzia nyumbani, katika neno.

Mwezi Septemba 1983 Richard Stallman, wa maabara ya akili bandia ya MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU. Alikusudia kujenga mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuwagawia wengine. Neno la Kiingereza alilolichagua kuueleza uhuru huo lina maana mbili, kisicho na bei na kisicho na kifungo, naye amelazimika kulifafanua tangu siku hiyo. Waswahili hatuna taabu hiyo: bure ni bure, na huru ni huru. Taabu yetu ni ya namna nyingine. Sisi tumeziita programu hizo "huria", neno ambalo tayari lilikuwa na kazi. Katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huria ni kilicho wazi kwa watu wote. Katika "soko huria" ni kisichobanwa na dola. Mwezi Februari 1998, kundi lililokutana Palo Alto lilipobuni istilahi mpya, ya uwazi wa chanzo, ili kutowatisha wafanyabiashara, ulizuka mgawanyiko ambao haujaisha hadi leo. Kwa Kiswahili mgawanyiko huo hauonekani, kwa kuwa huria hufunika pande zote mbili. Mimi naiona hali hiyo kuwa faida na hasara kwa pamoja.

Sasa tutazame neno "maktaba". Katika fani hii maktaba ni mkusanyo wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo mwandishi wa programu nyingine huviita vimfanyie kazi badala ya kuviandika upya. Hapo ndipo lilipozuka swali gumu la kisheria: nikijenga nyumba yangu kwa matofali yako, nyumba ni ya nani?

Leseni ya GPL, iliyotolewa Februari 1989, ilijibu kwa ukali. Anayesambaza programu iliyochanganywa na chanzo chenye leseni hiyo hana budi kuitoa programu nzima kwa masharti yale yale. Lakini maktaba ya msingi ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu huihitaji, ilikuwa na washindani wengi; ukali ungewakimbiza watu tu. Kwa hiyo Juni 1991 ilitolewa leseni laini zaidi, LGPL, ambayo herufi yake ya kwanza ilisimama badala ya "maktaba". Hata programu iliyofungwa iliruhusiwa kuiita maktaba ya namna hiyo, mradi mabadiliko ya maktaba yenyewe yabaki wazi, na mtumiaji aweze kuiondoa na kuweka toleo alilolirekebisha mwenyewe.

Maktaba ya Readline, inayomwezesha mtumiaji kuhariri mstari anaouandika, haikulegezwa hivyo. Mwaka 1992 Bruno Haible wa Ujerumani, mmoja wa waandishi wa CLISP, alitaka kuitumia bila kuiweka programu yake chini ya GPL. Akajadiliana na Stallman kwa barua, akapendekeza hata njia za kuvitenganisha vipande hivyo viwili. Hatimaye CLISP ikatolewa chini ya GPL.

Februari 1999 leseni ile laini ilibadilishwa jina. Herufi L sasa ikamaanisha "pungufu". Sababu iliyotolewa inapaswa kumvutia kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya istilahi: jina la kwanza lilikuwa limewafanya waandishi wadhani kwamba kila maktaba lazima itumie leseni hiyo. Jina lilikuwa likitunga sera bila kuulizwa.

Kiswahili kinaingia wapi? Kinaingia katika tahajia. Mhungaria László Németh aliichukua maktaba ya MySpell, ambayo leseni yake ilimruhusu yeyote kuiendeleza, akajenga juu yake Hunspell. Kihungaria huambatanisha viambishi tamati tabaka juu ya tabaka, na visahihishi vilivyozoea Kiingereza havikukiweza. Németh aliitoa kazi yake kwa leseni tatu, GPL, LGPL na MPL, mtumiaji achague. Ndiyo maana LibreOffice na Firefox zote zinaitumia. Nasi tukanufaika. Neno kama "hawatatuandikia" lina mofimu saba, nne zikiwa mbele ya mzizi, na maktaba iliyoshonwa kwa ajili ya Budapest inaweza kulipima, ingawa mzigo wetu uko mbele ya mzizi na wao uko nyuma. Orodha ya maneno ya Kiswahili iliyomo katika LibreOffice nayo imetolewa kwa LGPL.

Mimi ninajua pia kinachotokea leseni isipoulizwa. Miaka ya 1990 nilikuwa katika kikundi kilichoikabidhi kampuni fulani orodha ya maneno kwa ajili ya kisahihishi. Tulijadili malipo kwa siku mbili. Haki ya kubaki na nakala hatukuijadili hata kwa dakika moja. Kampuni ilipoacha mradi, orodha ilibaki katika faili ambazo ni programu yake tu iliyoweza kuzifungua, na mkataba ulitukataza kuzigusa. Kadi zetu za karatasi, zilizoandikwa kwa mkono, zimo kabatini mwangu. Nimeanza kuziingiza upya pamoja na wanafunzi wawili. Tumefika herufi K, na safari hii leseni imeandikwa katika mstari wa kwanza wa faili.