Kamera ya Uzeeni

Nilinunua kamera yangu ya kwanza mwaka 2019, nikiwa nimekwisha kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu na kurejea kwetu Mchukwi. Majirani walicheka kidogo, kwa kadiri adabu ilivyowaruhusu. Mtu wa umri wangu hununua mbuzi au mabati, si kamera. Lakini, ndugu msomaji, mimi nilikuwa na deni.

Ni mtoto wa bondeni. Nilizaliwa kando ya Mto Rufiji, enzi ambazo wazee wetu walilima mpunga kwa maji ya mafuriko, kisha maji yakipungua wakapanda mazao ya mlau kwenye tope lenye rutuba. Wakati wa kulinda mashamba tulilala juu ya madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa, na baada yake Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa ardhi ya juu katika vijiji vya ujamaa. Faida zake zilikuwapo, wala sizikani. Ila dungu la baba yangu sina hata picha yake moja. Wajukuu wakiniuliza lilivyokuwa, nawachorea mchangani kwa kijiti.

Si kwamba Rufiji haikupata kupigwa picha. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliishambulia na kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, huko Unguja, kisha ikarudi kujificha katika delta yetu, mitambo yake ikiwa mibovu. Waingereza walileta ndege, na mwaka 1915 wakaipiga picha kutoka angani ikiwa imejibanza kati ya mikoko. Tarehe 11 Julai mwaka huo iliangamizwa. Lakini kabla ya hapo sehemu za mitambo yake zilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikarudishwa. Waliozikokota ni maelfu ya Waafrika. Meli ina picha na ina jina. Wao kamera ya angani haikuwaona.

Hata waliopigwa picha kwa karibu hawakusalimika. Mwishoni mwa karne ya 19 Unguja ilikuwa na studio kama ile ya A. C. Gomes, na picha za watu wa pwani zikasambaa Ulaya kama kadi za posta. Mara nyingi chini yake pameandikwa kabila au kazi tu. Mwenye sura hatajwi.

Basi pale Mchukwi tulikuwa na mzee aliyekaribia miaka tisini. Baba yake alikuwa mmoja wa wakokotaji wale, na mzee mwenyewe aliyakumbuka madungu nguzo kwa nguzo. Hilo ndilo lililokuwa deni langu: kuipata sura yake pamoja na maneno yake.

Nilikwenda Kariakoo nikifuatana na mpwa wangu, ambaye hupiga picha za harusi. Muuzaji alinisifia megapikseli kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, usinunue namba. Nunua lenzi." Nikachukua Canon iliyokwisha kutumika, pamoja na lenzi moja tu ya milimita 50, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/1.8. Lenzi hiyo haivuti mbali, lakini hupokea mwanga mwingi na inafaa sana kwa sura ya mtu.

Kamera ya namna hii huitwa DSLR. Ndani yake mna kioo kidogo kilichoinamishwa, kinachorusha juu mwanga uliopita kwenye lenzi, ukafika jichoni mwa mpigaji. Ukibonyeza, kioo kinainuka, pazia linafunguka, na mwanga ule ule unaingia kuandika picha. Ujuzi huu si wa jana: mwaka 1936 Wajerumani wa Dresden walikwisha kutoa Exakta ya filamu yenye kioo kama hicho, na mwaka 1991 Kodak ikaanza kuuza ya kidijitali. Siku hizi makampuni makubwa yamegeukia kamera zisizo na kioo. Yangu imekuwa mstaafu mwenzangu.

Siku ya tatu tu baada ya kuinunua nilimwendea mzee. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia ndani kuvaa kanzu nyeupe na kofia. Nilimketisha chini ya mwembe, saa sita mchana, nyuma yake uwanja ukimetameta kwa jua. Nikaiachia mashine iamue kila kitu. "Mwalimu, nimetoka vizuri?" akaniuliza. Nikamjibu vizuri sana, bila hata kutazama.

Usiku niliitazama. Kanzu iling'aa, uwanja uling'aa, na pale penye uso palikuwa na giza.

Baadaye nilijifunza sababu yake. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kitu, kwa wastani, ni cha kijivu. Kikikutana na kanzu nyeupe na uwanja wenye jua, hupunguza mwanga, na uso mweusi uliomo kivulini hupotea kabisa. Dawa ni kupima mwanga usoni peke yake, au kuiongezea kamera mwanga kwa makusudi. Aidha, ningeihifadhi picha kwa mfumo wa RAW, huenda mengi yaliyofichwa na kivuli yangeokolewa. Nilitumia JPEG, ambayo hutupa sehemu kubwa ya habari hizo.

Nilipanga kurudi baada ya mavuno. Mzee hakuyangoja mavuno.

Kwa miaka mingi niliwaonya walimu wanafunzi wasiingie darasani na somo wasilolijaribu. Mimi mwenyewe niliingia hivyo hivyo, na darasa lenyewe halikuwa na siku ya pili. Katika arobaini binti yake aliniuliza, "Baba, ile picha ya marehemu iko wapi?" Sikuwa na pa kukimbilia. Mpwa wangu aliing'arisha alivyoweza. Likatokea sikio, ukingo wa kofia, na jicho moja. Nikaisafisha, na nyuma yake nikaandika jina la mzee, jina la baba yake, na yote aliyonisimulia. Binti aliisoma nyuma kwanza, polepole, ndipo akaigeuza.

Tangu hapo napiga asubuhi, kivulini pasipo na jua nyuma, na natazama kabla ya kujibu. Aprili 2024 mafuriko yalipozikumba tena Rufiji na Kibiti, vijana walikuja kunionyesha picha nyingi katika simu zao, nzuri kuliko zangu. Niliwaomba jambo moja tu: waandike majina ya watu waliomo.