Saa Mbili Asubuhi: Kiswahili mbele ya Kamati za Viwango vya Programu

Historia ya usanifishaji wa Kiswahili husimuliwa kwa kawaida kuanzia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Masimulizi hayo hupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964, yakafika katika Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967, kisha yakakoma, kana kwamba tangu hapo lugha imekuwa mikononi mwa wasemaji wake peke yao. Ipo hata hivyo sura nyingine, ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajaitazama vya kutosha. Katika miaka ya 1980 na 1990 desturi za lugha za dunia, yaani namna zinavyotaja tarehe, zinavyohesabu saa, zinavyopanga herufi na zinavyosema ndiyo na hapana, zilianza kupewa nafasi katika viwango vya kimataifa vya programu za kompyuta. Ziliamuliwa kwa kura, nazo kura zilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) ziliunda kamati ya pamoja ya teknolojia ya habari. Chini yake, kamati ndogo ya 22 ilikabidhiwa lugha za programu, mazingira yake na violesura vya programu za mfumo. Fortran, COBOL, Ada, C na baadaye C++ zote zilipita hapo, kila moja na kikundi kazi chake. Kikundi huandika mswada, kamati huujadili, kisha taasisi za viwango za nchi wanachama hupiga kura. Nchi iliyo mjumbe kamili huwajibika kupiga kura na hutarajiwa kutoa wataalamu. Nchi iliyo mtazamaji hupokea nyaraka. Kazi ngumu ya waratibu ni kuhakikisha kwamba yaliyokubaliwa na kikundi kimoja hayapingani na ya kingine: lugha ya C isihesabu saa kwa namna moja na mfumo endeshi kwa namna nyingine. C ilipata hadhi ya kiwango cha kimataifa mwaka 1990. Mwaka huohuo ilitoka sehemu ya kwanza ya POSIX, kiwango cha violesura vya mifumo endeshi, na sehemu ya amri ikafuata mwaka 1993. Katika sehemu hiyo ya pili ndimo yalimoelezwa majedwali ya desturi za lugha na nchi.

Majedwali hayo yanastahili kusomwa kwa jicho la mwanaisimu. Wajapani, kwa mfano, huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Mwaka 1989 enzi ya Showa ilikwisha na ya Heisei ikaanza. Japani ilikuwa mjumbe hai katika kazi hizo, na kiwango kikatenga nafasi maalumu ya enzi: jina lake, mwanzo wake, na njia ya kuuhesabu mwaka ndani yake. Hilo si jambo dogo. Maana yake ni kwamba kompyuta haikupewa majina ya Kijapani tu, ilifundishwa hesabu ya Kijapani.

Kiswahili hakikutengewa nafasi ya namna hiyo. Siku ya Waswahili huanza machweo, na saa ya kwanza ya mchana hufuata macheo. Kwa hiyo saa 2 asubuhi ndiyo saa 8:00 ya mashine. (Waethiopia nao huhesabu saa zao hivyo, na hawakupata zaidi.) Katika C na POSIX mtayarishaji wa jedwali anaweza kubadili majina ya nusu mbili za siku, akaandika asubuhi mahali pa neno la Kiingereza, lakini hana pa kuandika kwamba hesabu yenyewe ina tofauti ya saa 6. Matokeo yake huonekana popote panapochapishwa nyaraka kwa Kiswahili, hata Kihonda, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo kando ya barabara ya kwenda Dodoma. Tangazo la mkutano wa mtaa huandikwa “saa 2:00 asubuhi”, wakati mashine inayolichapa huhifadhi saa 8:00. Mashine ikiamriwa kutoa muda huo kwa Kiswahili, hutoa “8:00 asubuhi”, ambayo msomaji ataitamka saa nane asubuhi, yaani saa isiyokuwapo: saa nane ni ya mchana au ya usiku. Aliyesoma Kiingereza hujitafsiria kichwani bila kujua kwamba anatafsiri. Asiyekisoma ndiye anayechelewa basi.

Tatizo la ngeli ni la kina zaidi. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kubandika jina la kitu kwenye kitenzi kilichoandikwa tayari. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja cha kufuta hutosha. Kwa Kiswahili picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. (Kuhusu faili, wengine husema mafaili haya na wengine faili hizi, huo ni mgogoro mwingine.) Mfumo wa gettext wa mradi wa GNU, uliotumika sana katika programu huria, uliiuliza kila lugha ina maumbo mangapi ya idadi: Kirusi kilijibu 3, Kiarabu 6, Kiswahili 2. Jibu la Kiswahili ni sahihi, ila swali lililokihusu zaidi halikuulizwa.

Wakati huo wataalamu wa Kiswahili walikuwa wakishughulikia nini? Kwa sehemu kubwa, msamiati. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi kwa msaada wa Sida, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Office. Kazi zote mbili zilikuwa za heshima, na ya kwanza hasa ilithibitisha kwamba programu kamili inaweza kusemeshwa Kiswahili na Waafrika Mashariki wenyewe. Lakini mijadala iliyozizunguka ilihusu kompyuta au tarakilishi au ngamizi, kipanya au puku. Mijadala hiyo ilipendeza kwa sababu kila msemaji angeweza kushiriki. Neno likikosewa hurekebishwa katika toleo linalofuata. Hesabu ya saa iliyofungwa katika kiwango hairekebishwi na mfasiri, awe hodari kiasi gani.

Mwaka 2004 Unicode Consortium ilichukua uangalizi wa hazina ya pamoja ya desturi za lugha, inayotumiwa leo na simu na kompyuta nyingi, na mlango ukafunguka kidogo. Huko Kiswahili kimepata vipindi vyake: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Karibu na mwaka 2010 ziliingizwa pia lugha kadhaa za Tanzania, zikiwamo Kibena, Kisambaa, Kirangi na Kimakonde. Kiluguru, lugha ya milima inayoonekana kutoka Kihonda, kilikuwa kimepata alama yake ya kimataifa, ruf, katika orodha ya ISO ya mwaka 2007, lakini katika kundi hilo hakikuwamo. Zile zilizoingia zilijaziwa majedwali yenye mpangilio uleule: majina ya siku, majina ya miezi, na nafasi mbili za kuigawa siku, moja kabla ya adhuhuri na moja baada yake.