Barua Inayomngoja Mwenyewe: Mtoto wa Uvira na Barua Pepe

Neno barua pepe humkumbusha msikilizaji upepo. Hivyo mtoto mdogo huambiwa mara nyingi kwamba ni barua irukayo hewani hadi kwa mpokeaji. Maelezo hayo yanagusa kasi tu. Hayasemi barua hukaa wapi mpokeaji anapokuwa hayupo. Historia ya Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ina mifano iliyo karibu zaidi na ukweli.

Mwaka 1871 Henry Stanley alichukua kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mfuko wa barua za David Livingstone wenye alama ya tarehe 1 Novemba 1870. Aliufikisha Ujiji Novemba 1871, takriban mwaka mzima baadaye. Kisha wawili hao walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani. Livingstone hakuwa na makao ya kudumu. Barua zilikwenda kwa jina lake, zikamngoja njiani.

Baadaye lilikuja sanduku la posta. Barua ililala humo, na mwenye ufunguo akaifuata alipopata nafasi.

Mwaka 1971, miaka mia moja baada ya safari ya Rusizi, Ray Tomlinson alituma nchini Marekani barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao. Alichagua alama @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta inayomtunzia barua. Mtoto aliyeelewa sanduku la posta ameelewa jambo hilo: kompyuta ile ni posta, na neno la siri ni ufunguo. Tofauti ni kwamba ufunguo huu hufungua sanduku kutoka mji wowote wenye mtandao.

Hata hivyo, hapana budi mtoto aelezwe pia mpaka wa chombo hiki. Uvira ilipotekwa na waasi Oktoba 1996, watu wengi walivuka ziwa wakaingia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Jamaa waliotengana waliandikiana kupitia Msalaba Mwekundu. Ujumbe huo ulikuwa mfupi, wa habari za familia tu, na haukufungwa kwa gundi. Lakini aliyeubeba alimtafuta mwenye jina kambi kwa kambi.

Barua pepe haifanyi hivyo. Humngoja mtu kwa subira kuliko mfuko wa Unyanyembe, lakini haimtafuti. Mtoto akiuliza iwapo baruapepe itamfikia shangazi aliyekimbia, jibu la haki ni hili: itamfikia ikiwa anwani yake inajulikana na yeye bado analikumbuka neno lake la siri.