Bonde la Kilombero katika maandishi ya siasa na jamii

Bonde la Kilombero, lililo kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge mkoani Morogoro, limeandikiwa vitabu, ripoti na insha nyingi kuliko udogo wa mji wake mkuu, Ifakara, unavyoashiria. Mengi kati ya maandishi hayo yanaliona bonde kama ardhi yenye rutuba inayongoja mtu wa kuilima. Makala hii inataja yanayofaa kusomwa, hasa yale yanayowaangalia watu ambao tayari walikuwa wakiilima.

Kati ya vitabu vya zamani, cha kuanzia ni Ubena of the Rivers (1935) cha A. T. na G. M. Culwick. A. T. Culwick alikuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza, na anaandika kama bwana shauri. Hata hivyo kitabu kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga wa Wabena, na ndiyo ya kusomwa kwanza. Mtema naye, bila shaka, ana utawala wake wa kuutetea. Wandamba wa mtoni, wakazi wengine wa bonde, hawakupewa sura ya kuandika.

Ripoti ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kuhusu bonde la Rufiji, ambalo Kilombero ni sehemu yake (1961), na utafiti wa Jätzold na Baum (1968) ni vya wataalamu. Humo mna mafuriko, udongo na mpunga. Sauti za watu ni chache.

Kitabu bora kuliko vyote ni Africa's Freedom Railway (2009) cha Jamie Monson. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizoshikwa na tawala za walowezi. Waandishi wengine wameishia kwenye siasa hiyo kubwa. Monson anapanda treni ya kawaida pamoja na wachuuzi wa Mbingu, Mngeta na Mlimba, anachambua stakabadhi za vifurushi, na kuonyesha jinsi wakulima walivyohamia kando ya reli na kuifanya yao. Huduma ya treni za vituo vidogo ilipotishiwa kupunguzwa, wanakijiji waliandika barua za kupinga. Kurasa zinazozungumzia barua hizo ni somo zuri la siasa za vijijini.

Kuhusu uwekezaji, ripoti ya Oakland Institute ya 2015 inachunguza shamba la mpunga la Kilombero Plantations huko Mngeta, lenye hekta zaidi ya 5,000, lililokuwa mfano wa SAGCOT, mpango wa serikali na wawekezaji wa kukuza kilimo kusini mwa nchi. Ni maandishi ya kiharakati, makali, kwa hiyo yasomwe pamoja na majibu ya kampuni. Msingi wa kisheria wa ugomvi wa ardhi kama ule wa Mngeta unaeleweka zaidi kwa kusoma Not Yet Democracy (1998) cha Issa Shivji, aliyeongoza Tume ya Rais ya masuala ya ardhi ya 1991. Hakiizungumzii Kilombero peke yake, lakini kinaeleza kwa nini mwanakijiji hushindwa kuzuia ardhi yake isigawiwe wengine.

Kuhusu dini na afya, Maia Green, katika Priests, Witches and Power (2003), anaandika juu ya Wapogoro wa Ulanga, upande wa Mahenge, Ukatoliki na uchawi. Lukas Meier, katika kitabu chake cha 2014, anafuatilia maabara ya Waswisi iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Karibu vyote hivi vimechapishwa kwa Kiingereza, nje ya nchi, na mkulima wa Mngeta anayetajwa humo hawezi kuvipata kwa urahisi.